Hawa Akataa Kukaa Eda

Bulaimu aliondoka Wamaza mwaka 1947 kupeleka mawese kwenye soko la Kasongo, asirudi. Baada ya miaka miwili watu wa mume wakamjia mke wake, Hawa, wakamwambia akae eda, bwana wake amekufa.

"Nani aliona maiti?" Hawa akauliza. "Kama hakuna, basi, miye niko na bwana." Akachukua jembe, akaenda shambani kwake kupalilia muhogo.

Kila baada ya mavuno alitembea mpaka Kasongo kuulizia. Mwaka wa nne, sokoni, akaona kitunga cha matete kilichokunjwa ukingo mara mbili kuelekea kushoto. Bulaimu alitumia mkono wa kushoto, na Hawa hakuwa amemwona mwingine anayekunja hivyo.

"Kimetoka wapi hiki?"

"Kwenye buloko, mama. Wafungwa ndio wanasuka," muuzaji akamjibu.

Hawa akaenda moja kwa moja gerezani. Karani akapitisha kidole kwenye daftari lake. "Bulaimu hayuko hapa."

"Sitafuti jina, baba, natafuta mutu. Uniitie mwenye kusuka hiki."

Karani akacheka, lakini akamtuma askari. Akaletwa mwanaume aliyekonda, magoti yamevimba. Alipomwona Hawa akakaa chini palepale, akaficha uso kwa mikono yote miwili. Daftarini walimwandika Bulaimu kuwa Antoine wa Lusangi, mtu aliyempiga nyampara, msimamizi wa mashamba ya pamba, akatoroka. Bulaimu alikamatwa njiani bila kitabu cha kodi, akiwa na kovu shavuni kama la yule Antoine. Alikataa jina hilo mpaka sauti ikamkauka, wakamchapa, wakamfunga.

Muzungu wa serikali, Hawa alipompelekea shauri hilo, akasema mke yeyote angesema uongo kumtoa bwana wake.

"Vizuri," akajibu Hawa. "Nitakuletea mama ya Antoine."

Akafika Lusangi kwa miguu, akamkuta mama huyo, Cécilia, akianika mpunga. Hawa akamweleza yote bila kumlaumu. Cécilia akakusanya mpunga wake polepole, hata ule uliokuwa bado mubichi.

"Mutoto yangu alikufa kwa homa kule porini," akasema mwishowe. "Nilimuzika mwenyewe. Nikaogopa kusema, wasinifunge miye kwa kumuficha. Sikujua kama kuna mutu anateswa kwa jina lake."

"Sasa umejua, mama."

"Nimejua. Twende."

Mbele ya muzungu, Cécilia akamtazama Bulaimu kwa muda mrefu. "Huyu si mutoto yangu. Ingekuwa yeye, ningemukana namna gani? Yangu nilimuzika porini; nitawaonyesha kaburi." Machozi yakamtoka, lakini hakuyumba. Karani alitafsiri akiwa ameinamisha kichwa.

Siku ya tatu mlango wa gereza ukafunguliwa. Hakuna aliyewaomba radhi. Bulaimu akasimama barabarani, hajui aanze na mguu gani, kisha akamshika Cécilia mikono, akamwita mama. Njia ya Wamaza iliwachukua mke na mume siku nane, maana magoti ya Bulaimu yalikataa mwendo, na kila kijiji walichopita Hawa aliwaambia watu kwa sauti: "Huyu ndiye bwana yangu. Mutusalimie."