Chumba cha Mama Kina Mtu

Euralie Bedeau hakuwapenda watalii, na chuki yake aliipata kwa mikono yake mwenyewe. Miaka ishirini na sita alifua mashuka ya nyumba ya wageni pale Hillsborough, na anayefua mashuka ya watu hahitaji kusimuliwa tabia zao. Alijua nani kalala na mchanga miguuni, nani kamwaga pombe kitandani akageuza godoro ili asigundulike. "Wao wanakuja kupumzika, ninayechoka ni mimi," alizoea kusema. Simlaumu. Mimi ni fundi uashi, nimewajengea watu hao baraza tatu za kutazamia bahari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jina.

Jina langu ni Canute, mtoto wa mjomba wake Euralie. Hapa L'Esterre, kisiwani kwetu Carriacou, nyumba zetu zinatazamana, barabara katikati. Kwa hiyo ninayoyasema sikuambiwa na mtu. Mengine niliyatenda mwenyewe.

Euralie hakuolewa. Alimuuguza mama yake, Bi Dorcina, mpaka bibi yule akafa na miaka tisini na mmoja, kitandani kwake, chumba cha mbele. Dada yake mkubwa, Verna, alikwenda Brooklyn akiwa na miaka kumi na tisa, akazaa huko, akazeekea huko. Mazishini alikuja peke yake, akakaa siku nne, akaondoka na chupa ya achari.

Kwetu mtu hazikwi mara moja yakaisha. Siku ya maziko unafukia, unazungushia makome makubwa ya baharini, halafu unangoja. Baada ya miaka kadhaa marehemu mwenyewe atakuja ndotoni kudai jiwe lake, na hapo ndipo mnachinja, mnapiga ngoma, mnampelekea. Bi Dorcina alingoja miaka minne. Februari moja Euralie alivuka barabara kuja kwangu kabla hata ya kunywa kakao yake, kanga ya kulalia bado mabegani. Alisema mama yake amekuja, amesimama kando ya beseni la kufulia, miguu mitupu, akamwambia, "Euralie, mbona bado nalala nje?"

Siku hiyohiyo nilitengeneza kalibu. Nikamwaga zege, nikaweka jina la Bi Dorcina, na chini yake majina ya wanawe: Verna kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha Euralie.

Jumapili iliyofuata Euralie alimpa dada yake habari kwa simu. Verna alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyoleta balaa. Alisema lifanyike Agosti, wiki ya mashindano ya mashua, maana wanawe wote wawili wataweza kupata likizo, nao waje na wake zao na watoto wao wanne. Euralie alikuwa amepanga baada ya Pasaka. Lakini akakubali, kwa sababu ni Verna anayemwaga maji ya kwanza. Kwetu karamu ya jiwe huanza kwa bilauri ya maji mlangoni, kuwaita wafu, na bilauri hiyo hushikwa na mtoto mkubwa. Bila yeye unaanzaje?

Tangu siku hiyo kila Jumapili ikawa ni kupanga likizo. Simu ya Euralie hushika mtandao dirishani tu, kwa hiyo aliiegemeza pale na spika wazi, na mtaa mzima ukajua ratiba. Jumatatu kufika. Jumanne mashua ya kwenda Sandy Island, na miwani ya kuzamia ikodishwe mapema. Jumatano kamba koche, ila mkwe mmoja kamba wanamwasha, kwa hiyo yeye apikiwe kuku. Alhamisi ufukwe wa Paradise. Ijumaa jiwe lilale ndani, Jumamosi asubuhi lipelekwe, mradi saa nne watoto wawe wameshafika kwenye mashindano. Jumapili moja Verna aliuliza kama ngoma zinaweza kunyamaza mapema. Nyingine akauliza kama mbuzi wanaweza kuchinjiwa mbali, watoto wasije wakaona. Nilikuwa nakoroga saruji barabarani, nikatema mate.

"Likizo ya watu wanane," Euralie aliniambia, "na Mama kabanwa katikati ya kamba na mashua."

Jumapili ya tatu ya Aprili wakafika kwenye vitanda. Verna alisema Gregory, mwanawe wa kwanza, atalala na mkewe chumba cha mbele, na kitiwe kiyoyozi dirishani, gharama juu yake.

"Chumba cha mbele kina mtu," Euralie akasema.

"Nani?"

"Mama."

Hakuwa amerukwa na akili. Usiku wa kuamkia kupelekwa makaburini, jiwe hulazwa kitanda cha marehemu, limefunikwa shuka jeupe, peke yake. Kila mtoto wa L'Esterre analijua hilo. Verna akajibu kwamba Gregory atakaa humo mpaka Ijumaa, halafu atatolewa, kuna ubaya gani? Euralie alisema hatandiki kitanda cha mama yake kwa ajili ya mtalii.

"Si utandike tu," Verna akasema. "Wewe si kazi yako hiyo, kutandikia watu?"

Nilisimamisha koleo. Euralie akaizima simu pale dirishani kwa kidole kimoja.

Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwangu.

"Fundi, jiwe limekauka?"

"Limekauka. Bado kulipiga msasa."

"Lipige. Ijumaa linaingia ndani."

Nilimkumbusha maji ya kwanza. Aliniuliza huyo mkubwa yuko wapi, nimwonyeshe. Nilimkumbusha pia kwamba jiwe likishavuka kizingiti halirudi nyuma: likiingia, limeingia, na litatoka kwa karamu tu. Alijibu kwamba ndiyo sababu analiingiza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia. Fundi anaweza kusema wakati wowote kwamba zege halijakomaa. Hakuna wa kumbishia. Ningesema neno hilo moja, mwezi ungepita, hasira zingeshuka, na Verna angekuja na watu wake. Sikulisema. Nilikuwa nimeshawachoka watu wale kabla hawajapanda ndege. Nikachukua msasa.

Ijumaa tulilibeba wanaume wanne, tukalilaza kitandani kwa Bi Dorcina, Euralie akalifunika kwa shuka alilolifua mara tatu. Mbuzi wawili wakachinjwa palepale uani, mbele ya kila mtoto aliyetaka kutazama. Meza ya wazee ikaandaliwa pembeni, kitambaa cheupe, mshumaa, wali wa kuviringwa kama mipira, nyama, kuku, soda, ramu, kila walichopenda wafu wetu, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja mpaka wenyewe washibe. Ngoma zilipokuwa tayari, Shangazi Philomena, ambaye ndiye mkubwa wetu sote aliyebaki, akauliza mbele za watu Verna yuko wapi.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Euralie akajibu.

Akachukua bilauri, akaenda mlangoni, akamwaga. Watu waliinamisha vichwa, wengine kwa heshima, wengine kwa kuogopa kuonana usoni. Asubuhi tulilipeleka jiwe makaburini, nikalisimika mwenyewe, nikalipima kwa timazi, likakaa sawasawa.

Jumapili simu ikalia kama kawaida. Wiki nzima dada mtu alikuwa hajaomba radhi, naye alianza na jaketi za kuokolea za watoto, kama zinapatikana ndogo. Euralie alimwacha. Alimwacha afike Jumanne, afike Alhamisi, amalize kuku wa mkwe. Kisha akamwambia Jumamosi aifute, jiwe limeshakwenda.

Nilisogea ukingoni mwa barabara ili nisikie vizuri.

"Umemwaga wewe?" Verna akauliza.

"Nimemwaga."

Simu ikakatika. Euralie alitokea barazani akacheka, nami nikacheka. Tulicheka kama watoto waliovunja dirisha la mwalimu, na jioni akaniletea sahani ya nyama iliyobaki.

Agosti ikafika. Ujumbe ulikuja kwamba Verna anaingia na feri ya Jumatatu, haukutaja mengine. Euralie alikataa kwenda gatini, lakini asubuhi alitandika chumba cha mbele. Aliniita nikaone. Alikitandika kama pale Hillsborough hasa: shuka limekazwa pembe nne mpaka sarafu ingedunda juu yake, taulo imekunjwa kama upepeo, na juu ya taulo kipande cha sabuni kilichofungwa karatasi. Alitaka Gregory na mkewe waione kazi yake. "Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu ntawapa jembe." Nilimpa hongera.

Nikachukua pikapu yangu, na turubai la kufunikia mizigo ya watu tisa. Feri ikatoa watu wake. Akashuka Verna, na mkoba mmoja. Nikangoja. Akaniambia, "Twende, Canute, hakuna mwingine."

Euralie alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, palepale alipomwaga maji.

"Watalii wako wako wapi?"

"Wamekwenda Florida," Verna akasema. Aliweka mkoba chini. "Gregory ana miaka arobaini na minne, Euralie, hajakanyaga hapa. Mdogo wake vilevile. Kila mwaka nawaambia twendeni kwa bibi yenu, kila mwaka wananiambia mwakani. Wewe uliposema Mama kadai jiwe, nikajua nimewapata. Nikawaahidi bahari. Nikawaahidi kamba na mashua na sijui nini, ili Ijumaa ile tu wawe ndani ya nyumba hii. Nilimpa Gregory chumba cha Mama ili atolewe. Ili aulize kwa nini anatolewa. Angeuliza lini tena?"

"Ngoma ulitaka zinyamaze."

"Aliyetaka ni mke wa Gregory. Nilikuwa nauliza ili niweze kumwambia kwamba nimeuliza."

"Mbona hukunieleza?"

"Nikueleze saa ngapi? Nikifungua mdomo unanijibu kama mtalii."

"Ulinitukana."

"Nilikutukana," Verna akakubali. "Walipojua jiwe limeshawekwa, wakasema basi, shughuli imekwisha, Florida ni karibu zaidi. Hawatakuja tena, Euralie. Mimi nina miaka sitini na saba, ndugu yangu. Sina jiwe lingine la kuwaitia."

Niliuokota mkoba. Verna akatupita, akaingia chumba cha mbele. Hatukuwahi kumzuia, tukamfuata. Alisimama akakitazama kitanda, zile pembe, ile taulo, ile sabuni.

"Umenitandikia kama mgeni," akasema.

Euralie aliinyakua taulo na sabuni akazificha nyuma yake, akaanza kusema kwamba hakumtandikia yeye, kwamba ilikuwa ni ya wale wengine. Verna alikuwa ameshakwenda jikoni. Tulisikia bomba. Akatoka na bilauri imejaa maji, akashika njia ya makaburini, mwenyewe, bila kuuliza, jua la saa saba juu ya kichwa. Euralie akamfuata hatua kumi nyuma, taulo bado mkononi, nami nyuma yake.

Jiwe lilikuwa linang'aa. Verna akalisoma mpaka chini, akakuta jina lake limetangulia. Alinyanyua bilauri kidogo, mkono ukasita. Maji ya kwanza hayana ya pili, na yeye ni mtoto wa L'Esterre, analijua hilo. Tulisimama. Kutoka Hillsborough upepo ulileta sauti ya vipaza vya waliokuwa wakitangaza mashua.

Mwishowe Verna akapeleka bilauri mdomoni, akayanywa maji yote, taratibu, kama mgeni aliyetoka mbali, akageuka na kumrudishia mdogo wake bilauri tupu.