Kemia wa Ng'ambo

Juzi binti yangu alikuwa akipanga begi aende kuanza gredi ya kumi, upande wa sayansi. Harufu ya vitabu vipya ikanirudisha utotoni.

Ilikuwa harufu ya alasiri moja kwetu Burumba, malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani. Kesho yake dada yangu Nekesa angevuka kwenda kusoma sayansi kidato cha tano, Uganda. Binamu yetu aliyesomea huko alikuja kumshauri. Katika Kiswahili chake kila kitu kilikuwa mtu: gari anakuja, mvua ananyesha.

"Kemia usimpe mgongo," alimwambia. "Fanya maswali yake kila jioni, kwa mkono wako. Ukimwacha wiki moja tu, anakumaliza. Sisi alitumaliza wengi."

Nilimwona waziwazi huyo Kemia, mwanamke mrefu anayengoja wanafunzi ng'ambo. Nikachukua viatu vya dada, nikavitupa chooni.

Alivuka na kandambili, akilia. Mimi nililia zaidi.

Likizo ilipofika alirudi mzima, na leo najua kemia si mtu. Lakini juzi binti yangu alipoita, "Mama, viatu vyangu viko wapi?" nilikuwa nimevishika.