Tiyo Niliyopitisha Mahali pa Mama Zaina

Jina langu mulifiche, maana hapa Kasongo nacheka kila mutu, na wote wanangoja zamu yao. Niko muzee wa miaka sabini na mbili. Masomo yalinikimbia darasa la ine la primere. Bibi yangu, Mama Zaina, alikuwa ananiita fundi wa mudomo. Miaka yote alilia na bafu letu: halina hewa, maji yanasimama. Alikufa vilevile, mimi bado naahidi.

Binti yetu Zaina alikuwa mbali, kule Wamaza, kwa bwana yake, alifika tumeshazika. Wakaachana, akarudi kukaa na mimi. Haya ikanishika, nikasema nitatengeneza bafu mwenyewe.

"Papa, tuite fundi."

"Nilikuzaa wewe, nishindwe na tiyo, bomba tu?"

Tiyo ya hewa nikaisimamisha vizuri, ikapita juu ya bati. Ya maji machafu ndiyo ilinitesa. Kila nilipopiga jembe, mawe. Mahali pamoja tu palikuwa laini, nyuma ya bafu, na nilijua sababu. Kwetu maji ya kumuosha maiti hayaendi mu choo. Yanachimbiwa shimo lake, yanafukiwa, na hapo hakuna mutu anamwaga uchafu. Lile lilikuwa shimo la Mama Zaina. Nikamutania: "Sogea kidogo, mama, ni bwana yako." Nikapitisha tiyo, nikapiga simenti.

Maji yanashuka sana. Lakini yakishuka, ile tiyo ya hewa inavuta pumzi, ndefu, halafu inakatika. Mama Zaina alivuta hivyo siku zake za mwisho. Nikajiambia ni hewa tu. Nikaikata, nikaiunga upya. Juzi ilivuta, na hakuna mutu aliyemwaga maji. Sasa naoga mutoni; nawadanganya watu eti maji baridi yanarudisha ujana.

Zaina yeye anafurahi. "Papa, inapumua kama mama! Naoga polepole nimusikie." Anaisalimia, anaielezea shida za ndoa yake, huku anamwaga sabuni na uchafu juu ya maji ya mama yake.

Jana akaniuliza shimo la maji ya mama liko wapi, apande maua. Nikamuonyesha kwenye mupapai, mbali na bafu. Akapiga magoti hapo, akaomba dua. Mimi mwenye mudomo nikasema amina.

Nikimuambia, ataondoka, na sina mutoto mwengine. Nikinyamaza, kesho ataoga tena. Ninyi muliosoma, mutanicheka baadaye. Kwanza munishauri: nifanye nini?