Hatua Zangu Ishirini

Juzi, kule Kimuli, nilimwona msimamizi akiwapimia vibarua ngwe za kulima kutwa kwa tepu, nikacheka peke yangu.

Baba alipima ngwe zetu kwa miguu, hatua ishirini kwa kila mtu, naye alikuwa mrefu kweli. Alasiri moja, kibanja kikinukia maua ya kahawa, alipoanza kupima ngwe za kesho, vibarua walikaa chini ya migomba, majembe wameyalaza. Nilidhani wanapumzika. Sasa najua ule ulikuwa mgomo.

"Baba Asteria, hatua zako za twiga zitatuua," alisema Mama Verediana, msemaji wao. "Atupimie mtoto."

Baba alitazama magugu yaliyofika magotini, akatazama wingu la mvua, akaguna. "Haya, Asteria, pima."

Nilitembea kwa madaha, nikihesabu kwa sauti. Nilipofika ishirini walipiga vigelegele, nikaamini hawajapata kumwona mtoto anayejua hesabu kama mimi. Baba alikohoa tu.

Tangu siku hiyo mpimaji nikawa mimi. Kila msimu wa palizi Mama Verediana aliniletea senene wa kukaanga. Nikishamwamkia, aliniangalia miguu kwa wasiwasi, akasema, "Mwanangu, usikue haraka."