Doa Kwenye Shavu la Mama

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa koti jeupe anazungusha pamba kwenye ncha ya kijiti, anaitia mdomoni, anailowesha mate, kisha anaipitisha taratibu kwenye shingo ya mwanamke aliyechorwa kwenye picha iliyolazwa mezani. Pamba inatoka nyeusi tii. Anaitupa koponi na kuzungusha nyingine.

Ndiyo, mate. Usikunje uso.

"Mate yanatoa uchafu bila kuidhuru rangi," anasema, macho yakiwa palepale kwenye shingo. "Ndiyo maana mimi sigusi chai mpaka saa nne."

Katika makumbusho haya kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anamwita Kinyozi. Ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo imeishia humu ndani, kwenye chumba chenye sinki la kutu na hadubini aliyoirithi kutoka shule iliyofungwa. Mgongo umeshakuwa mgonjwa wa kudumu. Siku ikienda vizuri, husafisha eneo lisilozidi kiganja cha mtoto.

Jina hilo alilipata kwa kosa. Mwaka wake wa kwanza kazini alikabidhiwa picha ya mzee mwenye ndevu. Akaona ukungu wa kahawia kidevuni, akadhani ni vanishi iliyozeeka, ule utando angavu wa kukinga picha, akausugua. Kumbe mchoraji alizipaka ndevu mwisho kabisa, juu ya vanishi.

"Jioni namtazama mzee wangu, kidevu kinang'aa," anasema na kucheka, ingawa kicheko hakidumu. "Ndevu zote ziko kwenye pamba. Nililia wiki nzima. Rangi ikishatoka, imetoka."

Basi mtu wa namna hiyo akaletewa picha hii.

Mwenye picha ni mkunga mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Baba yake, mchora mabango ya maduka, alimchora mkewe mara moja tu. Picha ikaning'inia jikoni miaka nenda rudi, na masizi yakaufunika uso binti angali mdogo. Mama alifariki binti akiwa na miaka minne, na hakuacha picha nyingine yoyote, hata ya kitambulisho.

"Mwanangu, nimepokea watoto wa watu kwa mikono hii, nikawaonyesha mama zao," mkunga alimwambia siku alipoileta, imefungwa kwenye shuka. "Wangu simjui sura. Baba hakuweza hata kumtaja."

Paji likatoka safi, macho yakatoka, pua, midomo. Lakini kwenye shavu la kushoto kulikuwa na doa jeusi, dogo kama harage, lililogoma katakata. Mkuu wa idara alipita, akainama, akasema hayo ni masizi sugu, apake kiyeyusho kikali yaishe, hata uso peke yake uwahi maonyesho ya makumbusho yanayofunguliwa Ijumaa.

"Nikamwambia, bosi, nipe siku mbili. Akasema nimeanza woga wangu. Nikamjibu woga ninao, na nimeulipia."

Alizima taa za juu, akaweka taa moja ubavuni mwa picha, kisha akaliwekea shavu hadubini. Rangi ikizeeka hupasuka nyufa nyembamba mno. Masizi yakija baadaye hujaa humo na kuzifukia. Kwenye doa lile nyufa zilipita katikati, safi, zikaendelea hadi shavuni bila kukatika. Doa na shavu vilizeeka pamoja, maana yake aliyepaka shavu ndiye aliyepaka doa. Kwa nini alilipaka, hadubini haisemi. Kinyozi akarudisha kiyeyusho kabatini na kumpigia simu mkunga.

Saa nne mkunga anaingia, amevaa kama anakwenda harusini. Kinyozi hataji doa. Anamvutia kiti tu.

Mkunga anaiinamia picha. Kisha anainua kidole na kukiweka kwenye shavu lake mwenyewe, la kushoto.

"Akinibeba, kidole changu kilikaa hapa," anasema. "Palikuwa na kitu kimeinuka. Nikikibonyeza, anacheka. Maisha yangu yote nilidhani niliota."

Kinyozi anageukia sinki na kufungua maji asiyoyahitaji. Mkuu wa idara, aliyesimama mlangoni, anakohoa na kusema maonyesho yanaweza kufunguliwa bila picha hii. Kazi iendelee kwa mwendo wake.

Sehemu ya chini bado ni giza tupu. Kinyozi anarudi, anaonyesha kwa kijiti bila kugusa.

"Hapa kuna mikono, mama. Kwa taa ya ubavuni naona imeshika kitu. Natumaini miezi miwili itatosha kukufungulia."

"Imeshika nini?"

"Sijajua. Huenda ni sufuria tu."

"Hata kama ni sufuria," mkunga anasema, akifuta macho kwa ncha ya mtandio, "siku ya kuonekana, niite."