Mota Isiyonguruma

Katika machimbo ya mawe alikofanya kazi maisha yake yote ya utu uzima, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mpando. Barabara ya kutoka shimoni ilikuwa mwinuko mkali wa udongo na changarawe, na yeye ndiye dereva aliyeupanda na tipa lililojaa pomoni bila kubadilisha gia njiani. Wenzake walisema kwamba tipa likiwa mikononi mwake lililia kwa sauti moja tangu chini hadi getini, kama mtu aimbaye mstari mrefu bila kuvuta pumzi.

Pumzi ndiyo iliyomtoa kazini. Vumbi la mawe lilimwingia mapafuni kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka asubuhi moja akakohoa damu juu ya usukani. Alishushwa akabebwa kwa machela, na tipa lake likatolewa shimoni na mtu mwingine.

Jambo hilo la mwisho lilimuuma kuliko ugonjwa, na sababu yake ni desturi ya madereva wa machimbo yale. Dereva anapofika siku yake ya mwisho kazini, hupewa tipa tupu alitoe shimoni. Wenzake husimama chini wameupa mwinuko mgongo, nyuso zimeelekea ukuta wa jiwe. Hawatazami, wanasikiliza. Husema kwamba jicho hudanganywa na vumbi, ila sikio la dereva halidanganyiki. Injini ikifika juu bila kukata, nyapara hutamka, "Ametoka!" na wote hugeuka kwa vifijo. Ikinyamaza njiani, nyapara husema, "Imezima," nao huondoka bila kugeuka, ili mwenzao asitazamwe katika aibu yake. Neno la nyapara likishatoka halirudishwi. Mpando hakupata siku hiyo. Alitolewa kama mzigo, na mzigo hausikilizwi na mtu.

Chumba alichougulia kilikuwa na dirisha moja, lililotazama uani. Huko, karibu na ukuta wa uwanja, palikuwa na lundo la mawe ya msingi wa chumba ambacho hakikujengwa, na katikati yake jiwe kubwa la kijivu lililopasuka ubavuni. Mke wake alikuwa amelala mwezi mzima akisikia kifua cha mumewe kikikoroma mithili ya msumeno, ndipo mdogo wake wa kiume, muuza vifaa vya umeme vya mtumba, alipoingia na sanduku kwapani.

"Shemeji, nimekuletea tipa. Halina bima, kwa hiyo tafadhali usigonge kuku wa watu."

Lilikuwa lori dogo la rimoti, lenye urefu wa mkono wa mtu mzima toka kiwiko hadi vidole, magurudumu yake manene ya mpira laini, lililoundwa mahususi kwa kupanda miamba. Tangu siku hiyo Mpando aliegemezwa mito, rimoti mikononi, akalipandisha lori juu ya mawe madogo, kisha ya kadiri. Alianza kula tena. Alianza hata kutukana, jambo ambalo mkewe alilihesabu kuwa dalili njema. Siku alipolijaribu jiwe kubwa, magurudumu yalinasa, mota ikalia kwa ukali, na harufu ya vanishi ya waya ulioungua ikaingia hadi chumbani; mota ilikuwa imeungua.

Wiki hiyo hiyo nyapara alikuja kumjulia hali. Alikuwa mtu mkimya, mwenye nywele nyeupe na kofia asiyoivua ila msibani. Mpando alizungumza vipande vipande.

"Nataka kutoka. Kwa hilo lori. Juu ya lile jiwe."

Nyapara hakucheka. Alikwenda dirishani, akalikagua jiwe kama anavyokagua barabara baada ya mvua.

"Likipona lori, utuite," akasema. "Tutakuja Jumapili, wote. Tutasimama pale ukutani."

Mke alikuwa amekwisha kuambiwa pembeni na daktari kwamba asitazamie kuuona mwisho wa masika pamoja na mumewe. Kwa hiyo lililobaki lilikuwa moja tu: mota.

Na mota zilikuwa kazi yake. Alifanya kazi katika karakana ya kusuka upya mota za pampu, za mashine za kusaga na za mapangaboi. Vidole vyake vilikuwa na makovu membamba ya waya wa shaba. Ndugu yake alipokuja na mota tatu za kuchagua, akazitandaza juu ya shuka ya mgonjwa, mke alizitazama kama mama mwenye duka la nguo anavyotazama pindo.

"Chagua, mwenye gari," shemeji akasema. "Mke hukuchagua vizuri, basi chagua hata mota."

"Mke sikuchagua. Nilichaguliwa. Na dada yako," akajibu Mpando.

"Nilirudi kukubadilisha," mke akasema, "nikakuta duka limefungwa."

Walizijaribu kwa betri, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikwaruza, bushi zake zimekwisha, ikawekwa kando. Ya pili ilipiga yowe kama nyigu aliyefungiwa koponi. Ya tatu ilizunguka kwa sauti ndogo mno, ikabidi kuisogeza sikioni ili kujua kwamba inafanya kazi.

Mpando aliinyooshea kidole ya pili. "Hii. Hii ndiyo mota."

"Hiyo ni debe, na debe tupu haliachi kuvuma," mke akasema. "Angalia waya wake: mnene, mizunguko michache. Kwenye tambarare itakimbia kama imeiba. Kwenye jiwe, gurudumu likinasa, itafyonza umeme hadi iungue, kama ile uliyoiua. Hii ya tatu ina waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Haina mbio, ina nguvu. Itaanza kupanda hata ikiwa imesimama."

"Haisikiki."

"Kwani wanakuja kula sauti? Watakuja kutazama. Wana macho."

"Mke wangu." Alisita akitafuta pumzi. "Wale hawatazami."

"Shimoni, kwenye vumbi, hawatazami. Hapa ni uani kwangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, baba."

"Dada, mwache," shemeji akaingilia kwa mzaha. "Sikio la kufa halisikii da..."

Hakuimaliza methali. Kile kifua kilikoroma. Kijana wa watu akaanza kukusanya betri zake bila kuinua macho.

Mke alizipeleka mota hizo mbili karakanani. Alizifunga kwenye kapi lenye uzito wa kuning'inia, akazilazimisha kuvuta kwa nguvu kama lori likiwa ukingoni mwa jiwe. Ile ya kelele ilipata joto upesi, ikaanza kutoa moshi kabla uzito haujafika juu. Ile ya kimya ilivuta, ikasimama, ikavuta tena, na uzito ulipofika juu bado aliweza kuishika mota kwa mkono mtupu. Hakuhitaji ushahidi zaidi. Akilini alimwona mumewe mbele ya wenzake, rimoti mkononi, moshi ukipanda kwenye jiwe, na akajua kwamba hilo hatalistahimili. Akafunga ile ya kimya kwenye lori.

Jumapili asubuhi, akimvisha shati safi, aliulizwa:

"Umefunga ile?"

"Nimefunga mota. Tulia, usimalize pumzi."

Madereva walikuja wamenyoa, mashati yamepigwa pasi. Walikataa viti. Walikwenda moja kwa moja hadi ukuta wa uwanja, wakajipanga mstari, nyapara mwisho upande wa geti, na wote wakalipa lundo la mawe mgongo. Mke alikuwa ndani, ameketi kitandani nyuma ya mumewe, kifua chake kikiwa ndicho egemeo lake, maana mito haikutosha tena kumweka wima. Alipoziona zile shingo, nyuso zimeelekea tofali, ndipo alipojua kwamba kweli hawatatazama. Alitaka kusema neno. Lakini Mpando alikuwa amekwisha kubonyeza.

Magurudumu yalizunguka. Hakukuwa na sauti. Mpando aligeuza kichwa, akamtazama mkewe mara moja, kisha akarudisha macho kwenye jiwe. Hakusimamisha lori. Dereva aliyeanza mwinuko hasimami.

Lilipanda vizuri kuliko lilivyopata kupanda. Liliyapita mawe madogo, likatafuta mahali pa kushika, likaweka gurudumu la mbele katika ule ufa wa ubavuni na kujivuta. Huko ukutani wanaume waliinamisha vichwa upande upande, kila mmoja akisogeza sikio. Walisikia kuku. Walisikia redio ya jirani. Mmoja wao alieleza baadaye kwamba nyapara alingoja kupita kipimo cha desturi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiomba moyoni isikike hata nukta moja ya injini.

Nyapara akavua kofia.

"Imezima."

Wakaondoka wakiambaa na ukuta, mmoja nyuma ya mwingine, macho mbele. Wakati yule wa kwanza anafungua geti, lori lilikuwa limeinua pua juu ya ukingo wa jiwe, magurudumu ya nyuma yakikwea taratibu.

"Geukeni!" mke akapiga kelele kupitia dirishani. "Liko juu! Jamani, geukeni, liko juu!"

Waliokuwa nyuma walisikia, na wakadhani ni mke anayemfariji mumewe. Waliharakisha, kwa heshima. Hakuweza kuwakimbilia. Angeinuka, mgonjwa angeanguka.

Lori lilisimama juu kabisa, magurudumu manne juani. Geti lilikuwa limefungwa.

"Limefika," Mpando akasema.

"Limefika, mume wangu. Limefika lote."

"Nani kaliona?"

"Mimi. Mimi na wewe."

Aliweka rimoti juu ya shuka. "Basi imezima."

"Nitawafuata. Nitawaambia."

"Uwaambie nini? Kwamba mke wangu aliona?"

Hakumkaripia, si siku ile wala siku nyingine. Mke anasema angeshukuru kukaripiwa. Mpando alirudi kukataa chakula, kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba alikotoka. Masika hayakuisha naye. Madereva ndio waliolibeba jeneza, na nyapara alitamka kaburini kwamba marehemu alikuwa dereva asiye na mfano, na kwamba gari ndilo lililomzimia. Mjane alikuwa amekaa miongoni mwa wanawake, mkono wa shangazi yake ukiwa juu ya goti lake.

Neno lake alilisema baadaye, karakanani, nyapara alipoleta mota ya pampu ya machimbo iliyoungua.

"Pole tena, mama."

"Nimeshapoa. Siku ile lori lilifika juu."

Nyapara alishusha mota mezani polepole. "Hatukusikia kitu."

"Ilikuwa mota ya kimya. Niliichagua mimi. Yeye aliitaka ile ya kelele."

"Ile ya kelele ingefika?"

"Ingeungua."

Nyapara alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Kumbe ama angezima tukamsikia, ama angefika tusimsikie."

"Ungegeuka, baba. Ungegeuza shingo tu."

"Nisingegeuka."

"Basi nenda leo ukawaambie wenzako alitoka."

"Neno nilishalitoa, mama. Maji yakimwagika hayazoleki." Aliikunja kofia mkononi, akaikunjua. "Na nikianza kuyazoa kwa mmoja, kesho watakuja wajane wa wote waliozima. Nitawaambia nini?"

Mjane aliivuta mota ya pampu karibu, akafungua kifuniko, akanusa. Waya ulikuwa umeungua hadi ndani.

"Njoo Ijumaa," akasema, akachukua koleo, akaanza kukata shaba iliyokufa.