Giligilani Bila Sukari Guru

Kila asubuhi mjukuu wangu hunitoboa kidole, akagusisha tone la damu kwenye kimashine kidogo, kisha akasoma namba. Akinyamaza najua imepanda. Akitabasamu najua chapati ya pili nimeruhusiwa. Ni jambo la heri, sikatai. Ila namba haina rangi, rafiki yangu, na mimi nilikulia katika nyumba ambayo ugonjwa wa sukari ulikuwa na rangi.

Tulikaa Arusha, nyuma ya duka la babu, upande wa kuelekea mto Themi, enzi za Mwingereza. Mbele kulikuwa na madebe ya biskuti, majora ya vitambaa na picha ya Malkia. Nyuma kulikuwa na ua, na huko uani alitawala mama yake baba, ambaye sote tulimwita Ba, kama Wagujarati wanavyomwita mama mzee wa nyumba. Kabla ya chai, shangazi yangu, kitindamimba wa Ba, aliwasha jiko la primasi na kuchemsha matone ya mkojo wa mama yake pamoja na dawa ya bluu katika kichupa chembamba. Dawa ikibaki bluu, Ba yuko salama. Ikigeuka kijani, tuanze kuangalia. Ikiwa nyekundu kama tofali, hakuna aliyecheka nyumba nzima mpaka Ba achomwe sindano yake. Sisi watoto tulisongamana mlangoni, na rangi ikiwa njema tulikimbia hadi dukani tukipiga kelele, "Bluu! Bluu!" Wateja walidhani tunanadi kitambaa.

Babu hakuwasahihisha, maana maradhi ya Ba yalikuwa siri. Siku zile watu wetu waliamini ugonjwa wa sukari unarithiwa kwa damu, na nyumba ikishasemwa, mabinti zake hukaa bila wachumba. Tena kwetu mgeni akikulisha kitu kitamu kwa mkono wake, kufumba mdomo ni tusi. Siku ya uchumba wa amu yangu kila mgeni alimtilia Ba mdomoni kipande cha laddu, lile donge tamu la unga na samli, naye akatabasamu na kumeza. Haukupita muda, kidonda kidogo alichokwanguliwa na kandambili kikagoma kupona. Daktari akasema wazi: sukari ishuke, au mguu ukatwe.

Basi jiko letu likabadilika. Ba alikula mkate mwembamba wa ulezi, matango machungu ya karela yaliyokaangwa na bizari, na mnafu ulioletwa na mama wa Kimeru aliyeshuka kutoka mlimani na kibuyu cha maziwa. Hata hivyo, vitamu vya mtaa mzima viliendelea kupikwa na Ba. Shira aliipima kwa vidole viwili, akiivuta aone kama inatoa uzi, kisha akanawa mikono bila kuilamba. Hakuna aliyempita kwa shira, nawaambieni, na hakuwa akiionja!

Mama wa maziwa ndiye mtu wa nje pekee aliyejua. Siku moja, akimwangalia Ba akifunga kile kidonda, alimwambia, "Mama, mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo nakijua," Ba akamjibu. "Wakwe ndio siwajui."

Wakwe wakaja kutoka Moshi kumchumbia shangazi. Desturi yetu siku hiyo ni sahani ya mbegu za giligilani zilizochanganywa na vipande vya sukari guru. Mama wa bwana harusi huchota kiasi, akamlisha mkubwa wa nyumba ya binti, na hapo ndipo neno linakuwa limekubaliwa. Asubuhi ile kichupa kilikuwa kimetoka kijani. Babu akamsihi Ba ale tu, kidogo hakiui mtu. Shangazi alikaa na sari yake ya pinki, macho chini.

Mgeni akanyoosha mkono. Ba akaushika, akaushusha taratibu mpaka kiganja kikawa wazi mbele ya watu wote.

"Dada yangu," akasema, "mimi ni mgonjwa wa sukari. Nina mguu mmoja unaotakiwa kukatwa, na nina binti mmoja anayetakiwa kuolewa. Vyote viwili navipenda."

Kisha akaokota mbegu za giligilani kutoka kiganja cha mgeni, moja moja, akazitafuna. Sukari guru akaiacha palepale. Babu alifumba macho. Uani primasi ilikuwa ikivuma.

Yule mama wa Moshi akamgeukia shangazi. "Nani anamuuguza?"

"Mimi, mama."

"Na chakula?"

"Mimi."

Mgeni akaitazama ile sukari mkononi mwake. "Basi ndugu yangu, utamu wako nitakulia mimi," akasema, akaitupia mdomoni na kuitafuna kwa sauti. Mimi nililia, na sikuwa peke yangu. Siku ya harusi Ba alisimama kumpokea bwana harusi mlangoni, kwa miguu yake miwili, na akazikwa nayo miaka mingi baadaye. Nasema haya kichwa juu.

Primasi haipo tena, ua umejengewa ghorofa, na penye duka la babu wanauza simu. Mwezi uliopita mjukuu wangu huyuhuyu anayenitoboa kidole alichumbiwa. Mama wa kijana, na kucha zake za rangi, akaninyooshea mkono. Nikaokota giligilani. Kabla sijafungua mdomo kueleza, akaila sukari guru yangu. Nilipomuuliza nani alimfundisha, akashangaa: "Si ndivyo inavyofanywa, Ba?" Siku hizi Ba ni mimi; na ile ya Ba wa kwanza, kumbe, imekuwa desturi ya watu wasiomjua.

Kesho yake asubuhi mjukuu akanitoboa, akasoma namba, akatabasamu. Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtoto wa kukimbia, basi nikapiga kelele mwenyewe, kwa sauti yangu hii ya kizee: "Bluu!"

Mjukuu akakigeuza kimashine huku na huku, akiitafuta hiyo bluu.